Kuchagua nanga ya maji ya kina kifupi kwa mashua ndogo ya uvuvi

Wenye mashua za mita 4 hadi 6 hunijia na swali moja: nanga ya kilo ngapi itatosha? Nami huwauliza kwanza chini ya maji wanakovua kuna nini. Nanga ya kilo 4 iliyoshika mchangani asubuhi hadi ikahitaji nguvu za watu wawili kuing'oa, alasiri ya siku hiyohiyo yaweza kuteleza juu ya majani ya bahari kama sufuria juu ya mkeka, na kuiongezea kilo mbili hakutabadilisha lolote. Nanga ndogo hushika kwa umbo lake na kwa jinsi inavyozama ardhini. Uzito kazi yake kubwa ni kuifikisha chini na kuisaidia kuanza kuzama.

Kwa hiyo kabla ya nanga ninashauri bildi, yaani kipimio cha kina cha maji. Mabaharia wa zamani walikuwa na kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kamba, na kitako chake kilichochimbwa kidogo walikijaza shahamu ili kirudi juu na dalili ya ardhi ya chini. Yangu ni ya nusu kilo, kamba yake ina fundo kila nusu mita, na badala ya shahamu natia sabuni ya kipande iliyolainishwa kwa maji. Naitupa, naiacha iguse, naivuta na kuitazama kitakoni: punje za mchanga zilizojipachika, tope jeusi lenye harufu ya mayai viza, vipande vya makome, unyasi mmoja wa kijani. Sabuni ikirudi imekwaruzwa na haina kitu, huo ni mwamba, na kama ni matumbawe hai naondoka, kwa sababu nanga huvunja kwa dakika moja kilichochukua miaka mingi kukua.

Kwenye mchanga na tope lililoshikamana, sijaona nanga nyepesi inayoishinda ile ya mabapa mawili iliyobuniwa na Richard Danforth wa Marekani, ambayo katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitumiwa kwenye vyombo vya kuteremshia askari ufukweni, vyombo ambavyo vilipaswa kujivuta vyenyewe kurudi majini. Mabapa yake hujizika kadiri inavyovutwa, na hulala bapa chini ya ubao wa mashua bila kula nafasi. Ina kasoro mbili zinazofaa kujulikana mapema: upepo ukigeuka ghafla huweza kung'oka na isishike tena, hasa jiwe dogo likijibana penye bawaba, na kwenye majani mengi hubaki ikiteleza juu juu. Nanga ya makucha, inayofuata ubunifu wa Peter Bruce, hushika kwa nguvu ndogo zaidi kwa kila kilo, lakini hujirudisha ardhini vizuri zaidi mashua inapogeuka, na mimi huichagua pale ambapo mkondo hubadilika kila maji yanapojaa na kupwa. Ya makombe manne, yaani mikono minne yenye ncha, inayokunjika ni ya mawe na miamba. Mchangani hukwaruza tu. Ile ya umbo la uyoga inauzwa sana kwa mashua ndogo kwa sababu haina ncha za kutoboa kitu, lakini asili yake ni tofauti: Robert Stevenson aliibuni mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya meli ya taa iliyowekwa karibu na mwamba wa Bell Rock, Uskoti, yaani chombo cha kukaa mahali pamoja muda mrefu, nanga ikididimia topeni siku baada ya siku. Wewe unayekaa saa tatu hutafaidika na sifa hiyo, isipokuwa kwenye bwawa tulivu.

Niseme neno kuhusu tofali la zege, maana wengi bado wanaliamini. Zege likizama kwenye maji ya bahari hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, kwa kuwa maji hulibeba. Tofali la kilo 20 lililokuchosha kulipakia huko chini lina uzito wa kilo 11 na ushei tu, na halina ncha ya kushikia. Chuma cha kilo 20 hubaki na zaidi ya kilo 17. Kama huna budi kutumia uzito mtupu, basi usitumie zege.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, ambalo halihusu nanga bali kamba. Watu huhesabu urefu wa kamba kwa kina cha maji peke yake, na kwenye maji ya kina kirefu kosa hilo halionekani sana; kwenye maji mafupi ni balaa. Chukua maji ya mita 1.2. Mvuvi anazidisha mara tano, anatoa mita 6, anaridhika. Lakini omo ya mashua yake, yaani sehemu ya mbele, iko sentimita 80 juu ya maji, kwa hiyo kimo halisi kutoka ardhini hadi kamba inapofungwa ni mita 2, na kamba yake ni mara tatu tu ya kimo. Maji yakijaa mita 1 zaidi, imebaki mara mbili, na kamba iliyonyooka inavuta nanga kwa pembe ya nyuzi 30, ambayo badala ya kuizika huiinua. Kwa mara saba ya kimo, pembe hiyo ni nyuzi 8 hivi. Hesabu sahihi kwa mashua hii ni 1.2 na 0.8 na 1, jumla mita 3, mara saba, yaani mita 21. Najua mita 21 za kamba kwenye maji yanayofika kiunoni huonekana kama mzaha. Siyo mzaha: upepo ukiongeza kasi maradufu, nguvu yake juu ya mashua huwa mara nne, na kamba fupi haina urefu wa kunyumbuka ili kupokea mishtuko ya mawimbi.

Kamba hiyo iwe ya nailoni, inayovutika na kurudi. Zile za polipropilini huelea, na kamba inayoelea kwenye maji mafupi huishia kwenye propela, yako au ya jirani. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo wa mita 2 au 3. Huulaza mpini wa nanga chini na haukatwi na makome. Mnyororo hulia unaposhuka, na samaki wa maji mafupi wana woga, kwa hiyo ushushe kwa mkono, pingili baada ya pingili, usiuachie.

Woga huo wa samaki ndio sababu ya chombo cha aina nyingine, fimbo ya kuchomeka. Kwa asili ni upondo tu: mti unaousukumia mashua, ukiuchomeka topeni na kuifunga mashua hapo, umetia nanga bila kishindo. Za siku hizi ni za faibaglasi, na ziko zinazoshuka zenyewe kwa kubonyeza kitufe, ama kwa haidroliki kama Power-Pole, ama kwa mota ya umeme kama Talon ya Minn Kota. Zinapendeza kwa sababu mashua husimama papo hapo, bila mita 21 za kuzunguka. Hata hivyo fimbo ya mita 2.4 si ya maji ya mita 2.4, toa kimo cha mahali ilipofungwa, toa sehemu inayopaswa kuzama ardhini, na utabaki na maji ya mita 1.5 au pungufu. Kwenye mwamba haiingii, na kwenye tope jepesi huinama na kuchora mfereji. Zaidi ya hayo, nyingi hufungwa kwenye tezi, na mashua ndogo iliyozuiwa kwa nyuma huku mawimbi yakija kutoka huko huingiza maji kabla hujapata la kusema. Mimi huihesabu fimbo kuwa zana ya kuvulia, kama ulivyo mshipi. Haiondoi nanga halisi, yenye kamba iliyofungwa omo, tayari kutupwa injini ikizimika.

Nanga hiyo nayo ina hatari yake maji yanapokupwa. Niliwahi kulala kwenye mita moja ya maji siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Upepo ukafa, mashua ikarudi yenyewe juu ya nanga, na nikaamshwa na mlio wa mbao ikilalia kombe lililosimama wima. Tangu hapo, popote ninapojua maji yataniacha, natumia nanga inayolala bapa, na naifungia boya dogo linalonionyesha ilipo.

Ikiwa ardhi ni ya mawe, mnyororo wa nanga naufunga chini, penye shina la makombe, si kwenye pete ya juu. Kisha mpini naubana kwenye mnyororo kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa, naipita juu na kuvuta kwa nguvu upande wa pili: uzi unakatika, mvuto unahamia shinani, na makombe yanatoka kinyumenyume. Uzi wa unene gani hutegemea mashua, kwa hiyo ujaribu ufukweni kwanza, ukivuta kwa mikono yako. Kama haukatiki kwa mvuto wa watu wawili ni mnene mno, na kama unakatika kwa mkono mmoja utakuangusha usiku.