Je, wajua? Kwa nini garimoshi dogo la mvuke huishiwa pumzi

Injini ya mvuke ikiondoka stesheni husikika ikipiga chaf… chaf… chaf, halafu mlio unashikana kadiri mwendo unavyokolea. Wengi hudhani inahema kwa uzito wa mzigo, kama mchukuzi mwenye gunia. Kumbe inapuliza moto wake. Kila "chaf" ni mvuke uliokwisha kusukuma pistoni, sasa unatoka kwenye silinda kwa kishindo na kurushwa juu kupitia dohani, ukikokota moshi njiani. Moshi ukitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na mlango ulioachiwa uko chini ya moto. Injini ikivuta mzigo mzito inatumia mvuke mwingi, mvuke huo unavuta hewa nyingi, moto unakolea, na mvuke mwingine unapatikana. Mvukuto unaojiendesha wenyewe! Injini ya silinda mbili hupiga mara nne kila magurudumu yake makubwa yanapozunguka mara moja.

Mhandisi Richard Trevithick aliliona jambo hili huko Wales mwaka 1804: alipoelekeza mvuke uliotumika kwenye dohani, moto ulichangamka. Mwaka 1829, kwenye mashindano ya injini za mvuke huko Rainhill, Uingereza, injini iitwayo Rocket ya akina Stephenson ilishinda kwa ujanja huohuo pamoja na mirija 25 ya shaba iliyopitisha moshi wa moto katikati ya maji ya boila. Mshindani wake mmoja, Sans Pareil ya Timothy Hackworth, alikuwa na pumzi pia, tena kali kupita kiasi. Ilirusha makaa nje ya dohani kabla hayajaungua. Kosa hilo la Hackworth bado linarudiwa hadi leo, ila sasa kwa udogo.

Uingereza na kwingineko wako watu wanaojenga injini ndogo za mvuke karakanani nyumbani. Si vinyago vya kabatini. Injini ya reli yenye upana wa inchi 5, yaani milimita 127, huchoma makaa ya mawe ya kweli na kuvuta watu wazima waliokaa kwenye mabehewa. Tatizo ni kwamba chuma unaweza kukipunguza mara kumi na mbili, lakini moto, moshi na maji havikubali kupunguzwa. Mrija wa moshi wa injini kubwa una kipenyo cha milimita 50 hivi. Ukiugawa kwa 12 unabaki na milimita nne, na masizi yatauziba mapema kabisa. Ndiyo maana fundi huweka mirija michache iliyo mipana kuliko vipimo vinavyodai. Kuna kanuni ya zamani inayoitwa ya Keiller: chukua urefu wa mrija kwa inchi, ugawe kwa kipenyo cha ndani kilichozidishwa kwa chenyewe; jibu liwe kati ya 50 na 70. Mrija wa milimita 10 basi unafaa uwe na urefu wa sentimita 20 hadi 28. Ukiwa mfupi zaidi, joto linapita bila kuyaachia maji kitu; ukiwa mrefu zaidi, injini inabanwa kifua.

Silinda ndogo nazo zina hasara yao. Kuta zake ni nyingi ukilinganisha na mvuke uliomo ndani, kwa hiyo mvuke unapoa na kugeuka maji kabla ya kumaliza kazi. Dawa yake ni kuupitisha kwanza kwenye vijibomba vya chuma kisichoshika kutu vinavyofika hadi ndani ya moto, uwe mkavu na mkali zaidi.

Sasa injini imekamilika, imewashwa, na sindano ya presha inashuka kila ikipanda kilima. Mwenye injini hufanya nini? Mara nyingi huziba ule mdomo wa bomba unaorusha mvuke uliotumika kuelekea dohani, na kutoboa mwingine mwembamba zaidi. Mvuke unatoka kwa kasi, mlio unakuwa mkali, moto unanguruma. Ila mvuke uliobanwa mdomoni unairudishia pistoni kani yake, hivyo injini inapoteza nguvu na kula mvuke zaidi ili ifanye kazi ileile. Makaa nayo yanaanza kuruka nje. Huyo ni Hackworth wetu.

Kabla ya kugusa mdomo ule, tafuta tundu. Chumba cha moshi, kile kilicho mbele ya boila chini ya dohani, lazima kisipitishe hewa kabisa. Mlango usiofunga vizuri, au mahali bomba la mvuke linapotoboa sakafu yake, panatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu hewa huingia hapo kwa urahisi badala ya kuhangaika kupita katikati ya makaa. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliopasuka. Injini nyingi zinazosemwa ni mbovu zinahitaji gundi ya silikoni inayostahimili joto, basi.

Kisha tazama unyoofu. Chonga fimbo inayoenea kwenye dohani, ncha yake iwe kali, uishushe: iguse katikati ya mdomo wa mvuke. Ikienda pembeni, mvuke unapiga ukuta mmoja wa dohani na upande wa pili hewa ya nje inateremka. Mafundi hukadiria kwamba mvuke ukipanda milimita sita unatanuka moja. Kwa mdomo wa milimita 5, ulio milimita 60 chini ya sehemu nyembamba ya dohani, sehemu hiyo iwe na upana wa milimita 15 hivi, ili mvuke uijaze bila kuacha upenyo.

Chini ya moto pia kuna kazi. Mwenye jiko la mkaa anajua: majivu yakijaa, hata upepee mpaka mkono uchoke, moto haushiki. Chanja ya injini ndogo iwe na nafasi za kutosha, na sahani ya majivu isizibe njia ya hewa. Wakati wa kuwasha, kabla mvuke haujapatikana, watu huweka feni ndogo ya umeme juu ya dohani; ni ndugu wa lile kopo lisilo na kitako tunaloliweka juu ya jiko ili mkaa ushike haraka. Na asiyependa kubahatisha huunganisha chumba cha moshi na mrija wa plastiki uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji: tofauti ya kimo cha maji huonyesha injini inavuta hewa kwa nguvu gani.

Injini kubwa zilipitia matengenezo hayahaya. Mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, aligawa mdomo mmoja kuwa safu ya midomo midogo chini ya dohani bapa, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likaufunga mtambo wake kwenye injini zake nyingi. Mvuke ulishika moshi mwingi zaidi bila kubanwa sana silindani. Mlio wake ulikuwa laini, na hapo ndipo sikio linapodanganya hata kwenye injini ndogo. Ukishaziba matundu na kunyoosha dohani, mara nyingi unaweza kuupanua mdomo wa mvuke badala ya kuupunguza. Ile "chaf" kali inageuka kuwa "puf" ya upole, watazamaji wanadhani injini imechoka, na sindano ya presha haijashuka hata kidogo.