Hela za Siaya Hazikupandisha Bei ya Unga

Jumamosi iliyopita nilikuwa matangani huko Ugunja, Kaunti ya Siaya, na kabla chai haijafika, mzee mmoja aliyejua kwamba kazi yangu ni utafiti wa uchumi wa kaya aliniuliza kwa sauti iliyosikika hema zima: "Mwanangu, mbona nyinyi wasomi hamkuwaambia wale watu wa GiveDirectly kwamba ukimwaga hela kijijini, bei lazima zipande?" Waliokuwa karibu walitikisa vichwa kumuunga mkono. Nimelisikia neno hili kwenye matatu za Kisumu, katika mikutano ya vyama vya akina mama, kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, na mwezi uliopita kwa afisa mmoja aliyekuwa akiandaa bajeti kwa imani hiyo hiyo. Heshima ya matanga ilinizuia kujibu kwa kirefu, kwa hiyo najibu hapa.

Kilichotokea Siaya kinajulikana. Kuanzia 2014, GiveDirectly, shirika la misaada linalowapa maskini pesa taslimu, lilizipa zaidi ya kaya 10,500 maskini, zilizokuwa zikiishi katika nyumba za nyasi, takriban shilingi 87,000 kila moja, yaani kama dola 1,000 za wakati huo, kwa awamu tatu kupitia M-Pesa. Vijiji 653 viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikapata na vingine vikabaki vya kulinganishia. Zaidi ya hapo, katika baadhi ya kata ndogo theluthi mbili ya vijiji vilipata na katika nyingine theluthi moja tu, ili ionekane pesa zinapovuka mpaka wa kijiji zinafanya nini. Dennis Egger, Johannes Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker walichapisha matokeo katika jarida la Econometrica mwaka 2022. Fedha zilizoingia zilizidi asilimia 15 ya pato la eneo hilo. Bei zilipanda kwa wastani wa takriban asilimia 0.1.

Watu wanaposikia nambari hiyo hudhani kwamba kuna hila, kwa sababu wamefundishwa kwamba wingi wa pesa ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko ni sawa na bei ikizidishwa kwa wingi wa bidhaa, kisha wakakariri mlinganyo huo kana kwamba kiasi cha bidhaa kimegandishwa. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mlinganyo hausemi popote kwamba bidhaa hazibadiliki. Hiyo ni dhana tunayoiongeza sisi wenyewe, na inafaa pale ambapo kila mkono una kazi na kila mashine inazunguka. Anayedhani kijiji cha Siaya kiko hivyo hajawahi kusubiri kusagiwa mahindi.

Nenda kwenye kinu cha kusaga siku isiyo ya soko. Mwenye kinu ameketi kwenye debe lililopinduliwa, mlango uko wazi, na mama aliyeleta gorogoro moja, yaani mkebe mmoja wa kupimia mahindi, anaambiwa, "Subiri kidogo, mama, wenzako wafike," kwa kuwa kuwasha injini kwa gorogoro moja ni kuchoma dizeli bure. Mashine ilikwisha kununuliwa, kodi ya kibanda inalipwa asage asisage, na kijana wa kumimina mahindi yupo hapo tangu asubuhi. Wateja wakiongezeka mara mbili, anachoongeza ni dizeli tu. Kwa nini apandishe bei, na kinu kingine kiko ng'ambo ya barabara, nacho kimekaa vivyo hivyo? Fundi cherehani ni hivyo, mwenye bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake ni hivyo, na kinyozi pia. Utafiti uliona jambo hili hasa: mapato ya biashara yaliongezeka sana ilhali uwekezaji wao haukuongezeka kwa kiwango cha maana. Walikuwa na uwezo uliokaa bure, ukapata kazi. Hata kaya ambazo hazikupokea senti ziliongeza matumizi yao kwa takriban asilimia 13, nazo zilipata sehemu kubwa ya nyongeza hiyo kwa ujira.

Juu ya mabati, ambayo mwenye nyumba ya nyasi huyatamani akipata hela, sitakawia: hayatengenezwi Siaya, yanaletwa kwa lori, na muuzaji akiona wanunuzi wameongezeka anaagiza mengine.

Mzee hakuishia hapo. Aliuliza, "Na mwaka ule wa Jirongo?" Hilo lilikuwa swali bora kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na wanaolipuuza wanawakosea wazee. Wakati wa uchaguzi wa 1992 pesa zilitapakaa nchini hadi noti ya shilingi 500 ikabatizwa jina la Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana la kampeni za chama tawala, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Lakini tazama pesa zile zilitoka wapi. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada tangu Novemba 1991, dola zilikuwa adimu, shilingi ikaporomoka, na pesa mpya zikaingia nchini bila bidhaa wala fedha za kigeni nyuma yake. Kila shilingi iliyofika Siaya ilitanguliwa na dola iliyobadilishwa, na dola hiyo iliweza kuagiza mafuta, mabati au ngano. Kuziita zote mbili "hela nyingi" na kusubiri matokeo yaleyale ni kufananisha mvua na bomba lililopasuka kwa sababu vyote hulowesha.

Kosa jingine ni kuchanganya bei ya kitu kimoja na kiwango cha bei kwa jumla. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, na mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 mwezi wa Oktoba. Chanzo hakikuwa hela zilizogawiwa vijijini. Kulikuwa na ukame, na kulikuwa na vita vya Ukraine vilivyopandisha bei ya nafaka, mafuta na mbolea. Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi wa Mei 2022 hadi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024. Riba hiyo ina kazi yake, hasa katika kutuliza shilingi, lakini haileti mvua kwenye mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia.

Sasa niseme yanayonikosesha usingizi. Asilimia 0.1 ni ndogo kuliko mbonyeo wa mkebe. Nimekusanya bei sokoni kwa miaka mingi, na najua kwamba mahindi yanapoadimika muuzaji anaweza kuiacha bei ya gorogoro palepale, akaponda kitako cha mkebe kwa jiwe au akaacha kujaza kwa kilele. Anayeandika bei tu anaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana nabeba mizani. Naamini kwamba ujanja huo hautofautiani sana kati ya vijiji vilivyopata na visivyopata, kwa hiyo ulinganisho unasimama, lakini hiyo ni imani yangu ya uzoefu na si kipimo.

Kisha kuna kizidishi cha 2.5, yaani kila shilingi iliyotolewa ilizaa shilingi mbili na nusu za shughuli katika eneo. Wanaharakati wanaitaja nambari hii kana kwamba imepimwa kwa rula. Ni makadirio, tena yenye ukungu mpana pande zote mbili, na mimi huwaambia wanafunzi wangu waamini mwelekeo wake kabla ya kuamini desimali yake.

La tatu ndilo nililomjibu mzee tulipokuwa tukiagana langoni. Alitaka kujua kama nchi nzima ikipewa kwa siku moja, katika mwaka wa ukame, bei zitatulia vilevile. Nilimwambia kwamba sidhani. Siaya iliponunua zaidi, Kisumu na Busia zilikuwa na cha kuiuzia. Kenya nzima ikinunua zaidi ghala zikiwa tupu, itabidi iagize kutoka nje kwa dola, na hapo swali litakuwa dola hizo zitatoka wapi. Alinishika mkono kwa muda, akasema, "Basi hilo ungelisema mle ndani."