Hasira za Kijapani: tunavyodhani na zilivyo

Dhana ya kwanza, na ndiyo iliyokita mizizi, ni kwamba Mjapani hakasiriki. Akiudhiwa hunyamaza, akainamisha kichwa. Adabu ile ya dukani na ofisini ni ya kweli, lakini ni ya pale pale. Bosi akimtwika kazi jioni ataitikia vizuri, kisha atamwandikia rafiki yake kwenye simu: mukatsuku! Kwa asili neno hili ni la kichefuchefu, moyo kuchafuka, na maana hiyo bado ipo. Treni ikichelewa atasema iraira suru, yaani amekereka, hatulii. Kazi ya kuchosha ni mendokusai, na vijana hulikata likawa mendoi.

Wengine husema Kijapani hakina matusi. Yapo: kuso ni mavi, chikushō ni mnyama, na yote mawili hutoka mdomoni mtu akijigonga kidole. Ila ukali wenyewe haukai humo, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Unakaa katika namna ya kumwita mwenzako na katika mkia wa kitenzi. Nani shiteru no ni “unafanya nini?” la kawaida kati ya marafiki. Geuza liwe nani shiyagaru, na umekwisha kumdharau mtu bila tusi hata moja. Kisama, ambalo leo ni la kumtukania adui, zamani lilikuwa neno la heshima katika barua. Lilishuka thamani taratibu katika enzi ya Edo (1603–1868). Hata adabu inaweza kuwa silaha: mke na mume wakigombana, mmoja akianza ghafla kusema kwa desu na masu, miisho ya adabu ya kuzungumza na wageni, mwenzake anajua mambo yameharibika.

Kuna wanaodhani maneno haya yote ya mitaani ni ya watoto wa intaneti. Uzai, “unanikera, niondokee”, limetokana na uzattai, neno la lahaja ya Tama, magharibi mwa Tokyo, ambalo vijana wa jijini walilidaka miaka ya 1980. La intaneti hasa ni gekioko punpun maru, “nimekasirika kupindukia”, lililovuma mwaka 2013, nalo ni la utani: anayelitamka hasira zake zimeshapoa nusu.

Tena, usidhani neno moja lina uzito uleule nchi nzima. Aho na baka yote ni “mjinga”, lakini Osaka aho ni la mapenzi na mzaha, baka linauma. Tokyo mara nyingi ni kinyume chake. Kipindi kimoja cha televisheni cha Osaka kilichunguza mpaka wa maneno haya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikakuta maneno ya kumwita mtu mjinga yamesambaa kwa duara kutoka Kyoto, yale ya zamani zaidi yakiwa mbali zaidi.

Katuni za Kijapani zinafundisha mengi, lakini temee ya kwenye katuni, yaani “wewe” ya dharau, ukimwambia mtu baa, unatafuta ngumi.

Nasi tuliozoea kusonya tuwe waangalifu: wao wana shitauchi, kugonga ulimi, chi! Ukimfanyia mtu usoni ni dharau nzito, hata kama wewe umeikasirikia mvua tu. Ukikerwa na rafiki, sema kanben shite yo, “niache bwana, nimechoka”. Atakuelewa, na urafiki utabaki.