Je, wajua kwa nini msichana aliyetangulia kurefuka hutangulia pia kuacha kurefuka?

Ukiwapanga kwa kimo watoto wa darasa moja wenye miaka 11 au 12, mara nyingi utakuta wasichana ndio waliojaa upande wa warefu. Ukiwapanga tena baada ya miaka 3, wavulana wengi watakuwa wamewapita, na hata kati ya wasichana wenyewe yule aliyekuwa mrefu kuliko wote huenda amefikiwa, pengine amepitwa na mwenzake aliyekuwa akimfika begani. Wazazi hushangaa, na msichana mwenyewe anaweza kuanza kudhani kwamba mwili wake una kasoro. Mara nyingi hakuna kasoro yoyote. Kilichotokea ni kazi ya homoni moja, estrojeni, ambayo humsukuma msichana arefuke kwa kasi na hiyo hiyo ndiyo humfungia njia ya kurefuka.

Katika miaka ya utotoni kabla ya balehe, mtoto huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, awe wa kike au wa kiume, na kasi hiyo hupungua taratibu hadi kufikia kiwango cha chini muda mfupi kabla ya balehe kuanza. Kisha, kwa wasichana wengi kati ya umri wa miaka 8 na 13, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huanza kupeleka ishara kwenye tezi ya pituitari, mwanzoni usiku wakati wa usingizi, nayo pituitari huziamsha ovari zianze kutoa estrojeni. Dalili ya kwanza kuonekana kwa kawaida ni kuchomoza kwa matiti, na karibu wakati huo huo kimo nacho huanza kwenda mbio. Kwa mvulana mambo si hivyo, kwa kuwa mbio zake huja balehe ikiwa imeshapiga hatua. Ndiyo maana msichana hufikia kilele cha kasi akiwa na miaka 12 hivi, akiongezeka kama sentimita 8 kwa mwaka, ilhali mvulana hukifikia miaka 2 baadaye.

Kasi hiyo haianzi mwili mzima kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, mifupa mirefu ya miguu hufuata, na kiwiliwili huja mwisho. Mzazi anayenunua viatu, akaona baada ya miezi michache tu vidole vya binti yake vinakwaruza ncha ya kiatu, ameiona balehe kabla haijaandikwa ukutani kwa alama ya penseli. Nyayo hizo hizo ndizo zinazotangulia kuacha kukua, kwa hiyo upo wakati ambapo namba ya kiatu haibadiliki tena huku gauni likizidi kupanda juu ya magoti.

Ili kuelewa kinachoanzisha mbio hizi na kinachozisimamisha, inafaa kutazama ndani ya mfupa. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto pana utando mwembamba wa gegedu, aina ya tishu laini inayofanana na ile ya sikio, nao huitwa bamba la ukuaji. Ukiutazama kwa hadubini utaona seli zimepangwa safu safu, moja juu ya nyingine, kama sarafu zilizobebanishwa. Seli za upande wa ncha hugawanyika. Zile za katikati hujaa na kuvimba, zikiisukuma ncha ya mfupa mbali zaidi. Na zile za mwisho hufa, nafasi yake ikachukuliwa na mfupa mgumu. Kurefuka kwa mtoto ni jumla ya misukumo hiyo midogo katika mapaja, miundi na pingili za uti wa mgongo.

Estrojeni ikiwa kidogo, kama ilivyo mwanzoni mwa balehe, huichochea pituitari itoe homoni ya ukuaji kwa wingi zaidi, na seli za bamba huongeza kasi. Kiwango chake kinapopanda mwaka hadi mwaka, estrojeni huzichosha seli hizo: uwezo wake wa kugawanyika huisha mapema, gegedu lote hugeuka mfupa, na bamba hujifunga kabisa. Bamba likishajifunga, hakuna zoezi, chakula wala dawa inayoweza kulifungua, na wanaouza vidonge vya kurefusha watu wazima wanauza kitu kisichokuwepo.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana, ajabu ni kwamba, kwa mwanamume. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake, kwa hitilafu ya kurithi, haukuweza kuitikia estrojeni. Homoni za kiume alikuwa nazo, lakini mabamba yake yalikuwa wazi kama ya kijana wa miaka 15, kimo chake kilikuwa sentimita 204, na alikuwa bado anaendelea kurefuka. Ikadhihirika kwamba hata kwa wanaume, estrojeni kidogo waliyo nayo ndiyo inayofunga mifupa.

Kwa msichana, kuvunja ungo hutokea kwa kawaida kama miaka 2 hadi 2 na nusu baada ya matiti kuchomoza, yaani wakati kilele cha kasi kimeshapita. Wengi huamini kwamba hedhi ya kwanza ndiyo inayozuia kurefuka. Sivyo, hedhi na kupungua kwa kasi ni matunda ya mti mmoja, nao ni estrojeni iliyokwisha kupanda. Baada ya hapo msichana huongezeka kwa wastani sentimita 5 hadi 7, aliyevunja ungo mapema zaidi akiongezeka zaidi na aliyechelewa akiongezeka kidogo, na wengi hufikia kimo chao cha mwisho kati ya miaka 14 na 16.

Sasa linganisha wasichana wawili. Mmoja ameanza balehe akiwa na miaka 9, mwingine akiwa na miaka 12. Wa kwanza atamwacha mwenzake mbali kwa muda, lakini yule wa pili anaendelea na mwendo wa utotoni, sentimita 5 mwaka huu na 5 mwaka ujao, na mbio zake zinapoanza anaondokea mahali palipo juu zaidi. Hesabu hiyo hiyo hueleza kwa kiasi kikubwa kwa nini wanaume huwazidi wanawake kwa wastani wa sentimita 13 hivi. Hata hivyo, jambo hili lisikuzwe kupita kiasi: kati ya wasichana walioanza ndani ya umri wa kawaida tofauti ya mwisho huwa ndogo, kwa sababu anayeanza mapema hukimbia kwa kasi zaidi, na urithi wa wazazi ndio wenye neno kubwa.

Kimo kikisimama, mwili haujamaliza kujengwa. Nyonga huendelea kupanuka, na mifupa huendelea kujaza madini, kwani ujazaji huo hubaki nyuma ya urefu. Katika pengo hilo mfupa ni mrefu lakini bado haujakomaa, na ndiyo sababu kuvunjika kwa mkono karibu na kifundo huwa kwingi hasa umri wa miaka 11 au 12. Inanisikitisha kwamba huu ndio umri ambao wasichana wengi huanza kujinyima chakula kwa kuogopa unene, wakati kuongezeka kwa mafuta mwilini ni sehemu ya balehe yenyewe na mifupa inadai kalsiamu kuliko wakati mwingine wowote.

Matiti yakichomoza kabla ya miaka 8, yakiwa hayajachomoza kufikia miaka 13, au hedhi ikiwa haijaanza kufikia miaka 15, daktari anapaswa kumwona msichana huyo. Balehe iliyowahi mno inaweza kusimamishwa kwa muda kwa sindano zinazozuia ishara ya hipothalamasi. Uchunguzi wake mara nyingi huanza na eksirei ya mkono wa kushoto, ambapo gegedu halionekani, hivyo kila bamba lililo wazi hutokea kama mstari mweusi kati ya vipande viwili vyeupe vya mfupa. Mistari ya ncha za vidole hutangulia kufutika. Ile iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono hufutika mwisho, na ikiwa bado inaonekana, mfupa huo bado unarefuka, hata kama ni kwa milimita chache tu.