Speyer, 1529: Watawala Walipompinga Kaisari kwa Ajili ya Imani

Wengi wetu tukitafuta chimbuko la Uprotestanti huanzia Wittenberg, tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther alipotoa hoja zake 95 dhidi ya biashara ya hati za rehema, yaani hati za kanisa za kupunguziwa adhabu za dhambi. Jina lenyewe lilipatikana miaka 12 baadaye katika mji wa Speyer, kwenye Baraza la Dola Takatifu la Kirumi, yaani mkutano wa watawala na miji ya dola lililounganisha majimbo ya Kijerumani chini ya Kaisari, na waliolisababisha walikuwa watawala na wajumbe wa miji.

Mwaka 1521, huko Worms, Kaisari Karl wa Tano alimweka Luther nje ya ulinzi wa sheria. Amri hiyo ilihitaji watawala wa majimbo waitekeleze, na Friedrich wa Saxony, mmoja wa wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, akamficha mtuhumiwa katika ngome ya Wartburg. Kaisari, aliyekuwa akipigana na Ufaransa huku Waturuki wa Osmani wakisonga mbele, alizihitaji fedha na askari wa watawala walewale waliomkaidi. Ndiyo maana Baraza la Speyer la mwaka 1526 lilimwachia kila mtawala afuate njia ambayo angeweza kuitolea hesabu mbele ya Mungu na Kaisari.

Mwaka 1529 Baraza lilikutana tena hapohapo, na wengi wakaufuta uamuzi huo. Watawala wa upande wa Luther walitoa pingamizi lao tarehe 19 Aprili, nayo miji huru 14, Strasbourg na Nürnberg ikiwemo, ikajiunga nao. Walisema kwamba katika mambo ya utukufu wa Mungu na wokovu wa roho kila mtu atasimama mwenyewe mbele za Mungu, hivyo kura za wengi haziwezi kumfunga. Kutokana na pingamizi hilo, kwa Kilatini protestatio, wakaitwa Waprotestanti.

Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa hoja nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa mbele ya dola, na kwa sababu hiyo inasikitisha kwamba walioitoa hawakuwatendea hivyo walio chini yao. Baraza lilelile liliwawekea Waanabaptisti, Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, adhabu ya kifo. Luther naye, ambaye mwaka 1523 aliandika kwamba mamlaka ya dunia hayaifikii roho, baada ya vita vya wakulima vya mwaka 1525 alimwomba mtawala wa Saxony apeleke wakaguzi katika parokia zilizokosa usimamizi wa maaskofu, na msaada huo wa dharura ukageuka kuwa utaratibu wa kudumu. Hata Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani ambalo Walutheri wa Tanzania wanalikiri mpaka leo, lilitiwa saini na watawala na wawakilishi wa miji.

Vita vilifuata, na Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555 yakampa mtawala haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri kwa niaba ya nchi yake. Raia asiyekubali aliruhusiwa kuuza mali yake na kuhama. Wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa kanisa, hawakutambuliwa hadi mwaka 1648. Wafalme wa Prussia, dola la Kijerumani, waliendelea kuwa wakuu wa kanisa la Kiprotestanti nchini mwao hadi mwaka 1918, na mwaka uliofuata katiba mpya ya Ujerumani ikatamka kwamba hakuna kanisa la dola.