Kilo za Kubebwa na Kilo za Kubeba

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia simu akiwa na furaha tele. Amepata kayaki ya kuvulia, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, futi 10, kilo 24, bei ya kutupa. "Fundi, inabeba ratili 300!" Nikamuuliza yeye mwenyewe ana kilo ngapi. Tisini na nane. Nikamwambia asitume pesa kwanza.

Ratili 300 ni kama kilo 136. Ukitoa 98 zinabaki 38, na kwa hesabu ya karatasi hakuwa amekosea. Shida ni maana ya ile namba. Watengenezaji hawapimi kwa njia moja, na mara nyingi kinachoandikwa ni mzigo ambao kayaki bado itaelea nao. Kuelea ni jambo moja. Kupiga kasia vizuri, kugeuka nyuma kuchukua chambo na kupokea wimbi la ubavuni ni jambo jingine. Mimi huhesabu theluthi mbili tu ya kilichoandikwa. Kwake ni kilo 90 na kitu. Yaani yule kijana alikuwa amevuka mpaka kabla hajapakia hata chupa ya maji.

Kayaki nyingi za kuvulia ni zile za kukaa juu, zenye vitundu sakafuni vya kutolea maji. Chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake na wa vyote vilivyomo, na lita moja ya maji ya ziwani ni kilo moja. Ukizidisha mzigo, sakafu inashuka chini ya usawa wa maji, na vitundu vilivyowekwa kutoa maji vinaanza kuyaingiza. Huzami, kwa sababu ndani mna hewa iliyofungiwa, lakini utavua siku nzima umekalia bwawa. Wengine huniuliza kama Mombasa ni afadhali kuliko Naivasha kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito. Ni kweli, kwa asilimia 2.5 hivi. Usikose usingizi kwa hilo.

Nilimwonyesha nyingine: futi 12, kilo 39, ratili 450, yaani kilo 204. Theluthi mbili ni 136. Toa mwili wake, zinabaki 38 za kweli. Tukaketi na mizani: kisanduku cha barafu kilo 12, maji ya kunywa 5, betri na kipima kina 4, nanga na kamba yake 3, fito na sanduku la ndoana 5, jaketi la kuokolea na nguo 3. Jumla 32. Samaki wamebakiziwa kilo 6, na kambare wa bahati au samaki wa aina ya kapu (carp) aliyeshiba anaweza kuzimaliza peke yake. Kisanduku cha barafu kikapunguzwa.

Lakini kilo 39 lazima zifike ziwani, na hapa ndipo watu wa Nairobi tunapojidanganya. Yeye anakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Ngazi zenyewe zina kona ambayo hata kochi hulalamika. Halafu ile 39 mara nyingi ni ya kayaki tupu; kiti kinaongeza kilo tatu hivi, na ukitaka ya pedali, mtambo wake unaongeza nyingine kadhaa. Uliza muuzaji: hii namba ni pamoja na kiti? Akianza kukohoa, umepata jibu.

Gari nalo lina kikomo chake cha paa. Kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na keria yenyewe inahesabiwa humo. Kupakia ukiwa peke yako si lazima uinue zote: egemeza omo, yaani mbele ya kayaki, kwenye keria ukiwa nyuma ya gari, kisha inua tezi, yaani nyuma yake, na kusukuma. Mkononi unabaki na kama nusu ya uzito. Ukifika, kigari cha magurudumu mawili kinamaliza kazi, ilimradi ukiache ufukweni.

Nikilazimika kuchagua, kwa mtu mzito nachukua uwezo na kutafuta mahali pa kuiweka chini. Kwa mtu wa kilo 60 anayevua tilapia asubuhi na kurudi kabla upepo wa mchana haujaamka, ile ya kilo 24 inamtosha kabisa. Kubwa itamchosha tu, na akichoka hataitoa nje. Viboko wa Naivasha hawasomi lebo: ukubwa wowote, kaa mbali na mafunjo na uende na mwenyeji anayelijua ziwa.

Kijana alichukua ile ya futi 12, baada ya kuijaribu majini kwa mitungi. Mitano ya lita 20 iliyojaa ni kilo 100, karibu uzito wake mwenyewe. Tuliipanga pale kwenye kiti, tukaifunga kwa kamba, tukatazama vitundu. Vikavu. Tukaongeza wa sita kule tezi, na omo ikanyanyuka kama punda aliyezidishiwa mzigo nyuma. Mtungi ukasogezwa katikati, chombo kikatulia. Sasa kinalala kwenye maegesho, mlinzi anakilinda kwa ahadi ya samaki.