Nyumba za Mittenwald: ukuta uliochorwa unaishije miaka 250

Ndugu zetu walioko Munich, na wale wanaokuja Ujerumani kutembea, huwa wananitumia picha za nyumba zilezile. Nyumba za ghorofa mbili tatu, ukutani kuna watakatifu, malaika, nguzo za kuchora, maua, nyuma yake limesimama lilima la mawe meupe, halafu swali linakuja lilelile: hizi ni za kale kweli au wamepakapaka kwa ajili ya watalii? Leo nimeona nijibu kwa urefu, maana kazi yangu ni majengo ya kale na hasa chokaa, na mimi nikiangalia zile nyumba jicho linaenda kwenye chokaa kwanza, picha baadaye.

Mji unaitwa Mittenwald, uko kusini kabisa mwa Bavaria, ukisogea kidogo tu umeingia Austria upande wa Tirol. Mto Isar unapita pembeni na milima ya Karwendel imeuinamia mji kama inataka kuyaangukia mapaa. Wakazi kama elfu saba hivi. Kisheria hapo si mji wala kijiji, ni Markt, yaani soko, na kule Bavaria hilo ni daraja rasmi mpaka leo, ziko sehemu zaidi ya 380 zenye jina hilo, zile ambazo zamani mtawala alizipa ruhusa ya kufanya soko bila kuzipa haki zote za mji. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema anakaa Markt Mittenwald, hajakwambia anakaa sokoni, amekutajia aina ya mji wake.

Sasa ukitaka kuzielewa hizo nyumba usianze na ukuta, anza na barabara. Mtaa wa Obermarkt ni mpana kuliko unavyotegemea kwa kimji kidogo cha milimani, na upana ule una sababu. Mwaka 1487 Sigmund, mtawala wa Tirol, aliingia vitani na Venice, na wafanyabiashara wa Venice waliokuwa kwenye soko kubwa la Bozen, ambayo Waitalia wanaiita Bolzano, wakakamatwa pale na mali zao. Wavenice wakasusa. Wakalihamisha soko lao lote kuvuka milima mpaka Mittenwald, ambako Sigmund alikuwa hana mamlaka, kwa sababu Mittenwald wakati huo ilikuwa chini ya askofu mtawala wa Freising. Soko likakaa Mittenwald mpaka 1679, yaani karibu miaka 200 ya viungo, hariri, pamba na mvinyo kutoka kusini, vyote vinapita mtaa mmoja.

Na havikupita hivihivi tu. Kulikuwa na utaratibu unaitwa Rott, wenyeji walikuwa na haki yao ya kubeba mizigo kwenye kipande chao cha njia, mgeni huwezi kuja na mkokoteni wako ukapita ukaenda zako, mzigo unashushwa, unalala ghalani, halafu unabebwa kwa zamu na watu wa pale. Mingine ilipakiwa kwenye vyelezo vya magogo yaliyofungwa pamoja ikateremka na mto Isar. Lile ghala liliitwa Ballenhaus, nyumba ya marobota, na hadi leo kuna kichochoro kinaitwa Ballenhausgasse, ukipita hapo unapita palipokuwa panalala marobota ya Venice. Kwa hiyo ule upana wa Obermarkt ni nafasi ya kugeuzia mikokoteni na kupangia mizigo.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya, hata waongoza watalii wengine. Wanasema utajiri wa soko ndo ulichora zile kuta. Hapana, tazama miaka. Soko liliondoka 1679, michoro mingi unayoiona ni ya nusu ya pili ya miaka ya 1700, kwa hiyo barabara ni ya soko lakini picha ni za wajukuu na vitukuu wa watu wa soko, watu ambao ilibidi watafute riziki nyingine. Na riziki mojawapo ilikuwa fidla. Matthias Klotz, mzaliwa wa hapo mwaka 1653, alikwenda kufanya kazi kwenye karakana ya vinanda vya nyuzi huko Padua, Italia, akarudi nyumbani na ufundi, mbao nzuri za milimani zilikuwa zinaota palepale, akafundisha wanawe na wengine, na mji ukashika kazi ya kutengeneza fidla mpaka leo. Shule ya ufundi huo ilifunguliwa 1858 na bado ipo. Sanamu ya Klotz iko mbele ya kanisa, ameinamia kazi yake.

Kanisa lenyewe, la Mtakatifu Petro na Paulo, ni la Joseph Schmuzer, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1730, na mnara wake umechorwa wote toka chini mpaka juu na Matthäus Günther. Simama chini yake uutazame vizuri, zile nguzo na zile nakshi za mawe hazipo, ni ukuta mtupu umepakwa rangi ukawa na vivuli, na jicho linakubali kabisa kwamba ni jiwe limechongwa. Hiyo ndo siri ya mtindo mzima wanaouita Lüftlmalerei. Jiwe la kuchonga ni ghali, mchongaji ni ghali, lakini fundi wa rangi akija wiki chache kiangazi anakuachia jumba la kifalme juu ya nyumba ya fundi fidla. Jina la mtindo linahusishwa na nyumba ya Franz Seraph Zwinck wa Oberammergau, iliyokuwa inaitwa Zum Lüftl, ambaye ndo fundi maarufu kuliko wote wa kazi hii. Amefariki 1792 akiwa na miaka 44 tu na kazi zake zimetapakaa eneo lote lile, ile ya nyumba iitwayo Pilatushaus kule Oberammergau aliichora 1784. Mittenwald nao walikuwa na fundi wao wa nyumbani, Franz Karner.

Na picha zenyewe hazikuwekwa ovyo. Utamwona sana mwanajeshi wa Kirumi anamwagia maji nyumba inayoungua, huyo ni Mtakatifu Florian, ndo wanamwomba awakinge na moto, na mji wenye mapaa ya mbao ulikuwa na kila sababu ya kumwomba.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana hapa ndo roho ya jambo ilipo. Fundi wa freski, yaani picha inayochorwa kwenye lipu mbichi, alikuwa anafanya hivi: ukuta unaloweshwa maji vizuri, inapigwa lipu ya kwanza ya chokaa na mchanga mkali, halafu juu yake lipu laini, ila hii ya juu haipigwi ukuta mzima, inapigwa kipande tu kinachotosha kazi ya siku moja. Lipu ikiwa bado mbichi anakwaruza mistari ya mchoro kwa ncha kali, kisha anapaka rangi iliyosagwa kwenye maji matupu, hakuna gundi, hakuna mafuta. Yaani ukiangalia unasema hii si itafutika na mvua ya kwanza? Haifutiki, kwa sababu chokaa mbichi ikikauka inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe upya, na ile rangi inajikuta imefungiwa ndani ya jiwe. Haijapakwa juu ya ukuta, imekuwa sehemu ya ukuta. Ndiyo maana kazi ilifanywa miezi ya joto tu, chokaa mbichi ikipigwa na baridi ya kuganda imekwisha.

Ukitaka kuhakikisha, nenda jioni na tochi, uiweke karibu kabisa na ukuta, mwanga ulale pembeni usiupige mbele. Utaona mistari miembamba kama mshono wa nguo, inazunguka kichwa cha mtakatifu, inashuka begani, inafuata ukingo wa joho. Kila mshono ni mwisho wa siku moja ya kazi. Mimi hii siizoei, unasimama pale unahesabu siku za mtu aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita, uso wa Bikira Maria alikula siku nzima, zile nguzo za pembeni alizimaliza haraka maana mshono umebeba eneo kubwa. Utaona pia kwamba nyekundu na njano, ambazo ni udongo tu, zimedumu, lakini bluu mara nyingi imepauka au imebanduka, kwa sababu rangi nyingi za bluu hazielewani na chokaa mbichi, fundi alizipaka baadaye ukuta ukiwa mkavu, na kilichopakwa ukuta ukiwa mkavu ndo kinaondoka kwanza.

Chokaa ina tabia ya pili ambayo ni muhimu kuliko urembo wote, inapumua. Unyevu unaoingia ukutani unapata njia ya kutoka. Saruji haifanyi hivyo. Ukipiga saruji kwenye ukuta wa kale maji yanabaki ndani, na kule Bavaria baridi ikija maji yanaganda, yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, yanausukuma ukuta kutoka ndani, mwishowe picha inadondoka vipande. Sisi wa pwani tunaijua hiyo, ila kwetu anayesukuma ni chumvi. Niliwahi kukabidhiwa nyumba moja ya mawe ya matumbawe Zanzibar, Mji Mkongwe, kontrakta aliyetangulia alikuwa ameipiga simenti sebule nzima ili ipendeze kwa haraka. Misimu miwili ya mvua tu, ukuta ukatoa matumbo, ukigonga kwa vidole unasikia sauti ya debe tupu, tulipobandua nyuma kulikuwa na chumvi nyeupe imesimama kama sufi na jiwe limekuwa unga. Tulianza upya kwa chokaa, na gharama ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Tangu siku hiyo mtu akinitajia saruji kwenye nyumba ya kale nasimamisha mazungumzo yote tuongee hilo kwanza.

Halafu sheria, maana wengi mnadhani nyumba ikishaitwa ya urithi mwenyewe hana ruhusa hata ya kupiga msumari. Bavaria wana sheria ya majengo ya kale tangu 1973, na jimbo zima lina majengo kama 110,000 yaliyolindwa, wasimamizi wake wa kitaalamu ni Bayerisches Landesamt für Denkmalpflege pale Munich. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba orodha haiifanyi nyumba kuwa urithi. Nyumba ni urithi kwa sababu ya ilivyo, orodha inatoa taarifa tu, kwa hiyo huwezi kubomoa ukasema mbona haikuandikwa. Na sheria hailindi nyumba mojamoja pekee, inaweza kulinda mtaa mzima kama kitu kimoja, ndivyo ilivyo katikati ya Mittenwald, hata nyumba ambayo yenyewe ni ya kawaida ina nafasi yake kwenye mstari na huwezi kuinua paa lake ghafla ukaziba majirani.

Mwenye nyumba anaishi humo, anapangisha, anafungua duka la mikate chini, anaweka bomba jipya la maji. Anachotakiwa ni kuomba kibali ofisi ya wilaya kabla ya kubadili chochote, na watu wa ile idara ya Munich wanakuja kumshauri bure. Na ana nafuu ya kodi ya maana, ukiwa umepangisha unaruhusiwa kutoa kwenye mapato yanayotozwa kodi asilimia 9 ya gharama za ukarabati kwa mwaka kwa miaka 8 halafu asilimia 7 kwa miaka 4, ukipiga hesabu ni gharama yote, na ukikaa mwenyewe ni asilimia 9 kwa miaka 10. Ila mkubaliane kabla fundi hajapanda ngazi, ukianza kazi bila makubaliano nafuu yako imeota mbawa. Huu utaratibu mimi naupenda kuliko vitisho vyote vya faini, kwa sababu unamlipa mtu abaki ndani ya nyumba yake. Nyumba yenye mtu anayepika na kuwasha moto wakati wa baridi, anayeona tone la kwanza la maji darini, inaishi. Ile iliyofungwa kwa kufuli inakufa hata kama iko kwenye orodha zote za dunia.

Mtakaokwenda, kutoka Munich ni treni ya kama saa mbili. Mkifika msikimbilie kupiga picha juu tu. Kwanza angalieni paa lilivyotoka nje kuliko ukuta, ile ndo mwavuli wa picha, bila ile mvua ingeshamaliza kila kitu. Halafu angalieni chini, mita moja ya mwisho juu ya barabara, ambapo theluji inarundikwa na maji yanaruka. Hapo mara nyingi hamtakuta mtakatifu wala ua, ni lipu tupu, imebanduliwa na kupigwa upya sijui mara ngapi kwa miaka yote hiyo. Sehemu ile inaachwa ichakae ili ya juu isichakae, na fundi aliyeipiga mara ya mwisho huenda bado yuko palepale mjini.